Karo limegoma: jua kwanza maji yamekwama wapi

Choo kikianza kurudisha maji, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mwenye gari la kunyonya. Gari linakuja, linanyonya, linalipwa, na baada ya wiki mbili maji yako pale pale. Gari halina kosa. Limetoa kilichokuwemo ndani ya karo, na tatizo lilikuwa kwenye bomba, au kwenye ardhi iliyo nje ya karo, na huko mpira wa gari haufiki.

Maji ya choo hupita vituo vitatu: bomba la kutoka nyumbani, karo lenyewe, ambamo uchafu mzito hutuama chini na mafuta huelea juu, na shimo la kunywea, ambamo maji ya katikati huingia ardhini. Kizibe kituo chochote, aliye chooni ataona dalili ile ile. Kwa hiyo fungua vifuniko viwili kabla ya kuita mtu: cha chemba iliyo nyuma ya choo, yaani kishimo cha kukagulia bomba, na cha karo.

Chemba ikiwa kavu na choo kimejaa, kizuizi kiko baina ya choo na chemba. Chemba ikiwa imejaa na karo liko kwenye kiwango chake, kizuizi kiko kwenye bomba linalounganisha viwili hivyo. Vyote vikiwa vimefurika, acha kuchokoa mabomba ya ndani. Tatizo liko kwenye bomba la kutokea karoni, kwenye shimo la kunywea, au kwenye ardhi yenyewe.

Hapo kwenye kiwango ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Karo la septiki, yaani lililosakafiwa la kutuamishia uchafu, hata likiwa halina ubovu huwa na maji siku zote, mpaka usawa wa bomba la kutokea. Ukilinyonya leo, litarudi usawa ule ule baada ya siku chache, na ndivyo linavyotakiwa, kwani maji yasiposimama uchafu hautuami. Mtu akikufunulia mfuniko, akakuonyesha maji na kusema limejaa, muulize yamelipita bomba la kutokea kwa kiasi gani. Kama hayajalipita, rudisheni mfuniko.

Na kabla ya kuinama kutazama: simama upande unakotokea upepo, usiwe na sigara wala koroboi, na watoto wakae mbali. Uchafu unaooza hutoa gesi inayowaka moto, na nyingine yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huiua pua kwanza, ukadhani imeondoka. Usiingie ndani ya karo, hata lililokwisha kunyonywa. Mtu akianguka humo, usimfuate bila ya vifaa vya kupumulia na watu wa kukuvuta. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kuokoa.

Choo kinashuka polepole, au kinakoroma

Kikiwa kimoja tu na vyengine vinashuka vizuri, ni kizuizi kwenye mtego wa maji wa choo hicho, yaani pindo la bomba linalobaki na maji: pedi, pempasi, kitambaa, mfuniko wa chupa ya sabuni. Hutoka kwa waya au kwa pampu ya mkono ya mpira.

Vikiwa vyote, tazama mteremko. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani bomba la mita 10 lishuke sentimita 25 kutoka mwanzo hadi mwisho. Likilala, kinyesi hubaki njiani. Pima kwa mpira wa maji, ule ule ambao mwashi anausawazishia msingi. Kazi ya nusu saa. Udongo wa kujaziwa usioshindiliwa hutitia baada ya masika moja au mbili, na bomba lililokuwa sawa likafanya tumbo katikati.

Pana sababu moja ya kwetu Zanzibar ambayo huwezi kuikuta katika vitabu vya wenzetu. Choo hakielekezwi kibla wala hakipewi mgongo. Fundi aliyesahau hilo wakati wa msingi hukumbushwa na mwenye nyumba siku ya kufunga sinki la choo, basi huligeuza na kufidia kwa viwiko: kimoja, kingine, na cha tatu cha kurudi kwenye mstari. Kila kiwiko kikali ni mahali pa kuzibia. Kama ndivyo ilivyo kwako na ukuta hauvunjiki, weka chemba ndogo pale nje panapopinda bomba ili pawe na mlango wa kuchokolea. Na anayejenga sasa aoneshe kibla kwa kamba kabla bomba la kwanza halijalazwa.

Kukoroma ni upungufu wa hewa. Bomba la hewa lipande juu ya paa, lisiishie chini ya dirisha la chumba cha kulala kama yanavyoishia mengi.

Ikiwa nyumba ni ya zamani na hakuna anayejua bomba lipi linaenda wapi, tia kijiko kidogo cha rangi ya ukili, ile ya mikeka, kwenye ndoo ya maji, mwaga chooni, kisha kaa kwenye chemba uone inatokea wapi. Rangi nyekundu huonekana zaidi. Chora ramani hapo hapo na uandike mita kutoka pembe za nyumba.

Sinki la jikoni limeziba, choo ni kizima

Mafuta, machicha ya nazi, wanga wa maji ya mchele, na sabuni. Maji ya visima vyetu vingi yametoka kwenye mawe ya chokaa, na sabuni ikikutana nayo huganda utando mweupe unaoshika ukuta wa bomba. Maji ya jikoni yapitie chemba yao ya mafuta kabla ya kuungana na ya choo, na mafuta yaliyoelea yatolewe kila wiki yakazikwe. Hapa hakuna zaidi la kusema, ila kwamba anayeosha vyombo ndiye wa kuulizwa, na mara nyingi haulizwi.

Karo linafurika kila baada ya wiki chache

Hili ndilo lenye sababu nyingi, na ndilo linalotajirisha magari. Zifuate kwa zamu, kuanzia ile isiyo na gharama.

Kwanza, maji yanayovuja. Tangi la choo cha kukaa likipitisha maji usiku kucha bila ya sauti, linaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku karoni. Tia rangi ndani ya tangi, usiguse choo kwa nusu saa. Rangi ikiingia kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani ya tangi na usiite gari.

Pili, watu. Karo lililopimiwa watu wanane halikupimiwa harusi. Siku tatu za msiba, khitma, Idi na wageni wa Pemba waliojaa nyumba nzima, na kila mmoja anatawadha mara tano, haziwezi kupita bila ya alama. Karo likifurika siku hizo tu na likarudi lenyewe, liache. Ila maji ya kutawadhia ni masafi kiasi cha kutosha kwenda kwenye migomba. Yatengenezewe mfereji wake. Msikiti unaopeleka maji ya udhu kwenye karo la choo unajitafutia kazi.

Tatu, tope. Chukua mti mrefu, uzungushie kitambaa cheupe kikuukuu, uuteremshe polepole hadi chini karibu na upande wa kutokea, subiri dakika chache, uvute. Sehemu iliyobaki nyeusi ni kimo cha tope. Likifika thuluthi ya kimo cha maji, hapo ndipo gari lina kazi. Kwa familia ya kawaida hutokea baada ya miaka miwili hadi mitano, si kila mwezi. Mwambie mwenye gari avute tope la chini, asichukue maji ya juu akaondoka. Wengine hufanya hivyo kwa sababu tope linauchosha mpira. Wala karo halihitaji kusuguliwa likang'aa. Chumvi, chachu na unga unaouzwa kwa jina la dawa ya karo havina haja: bakteria wa kuozesha huingia na kila kinyesi. Inayoweza kuwaua ni dawa ya kung'arishia nguo ikimwagwa kwa galoni.

Nne, na hii ndiyo ninayoikuta ikisahauliwa zaidi: tii ya kutokea, kiungo cha bomba chenye umbo la T. Bomba linalotoka karoni linatakiwa kuwa na tii ya kusimama, mguu wake wa chini umezama karibu asilimia 40 ya kimo cha maji, ili lichote maji ya katikati tu. Bila ya tii, utando wa mafuta na vipande vya uchafu huenda moja kwa moja kwenye shimo la kunywea na kupaka kuta zake utando mweusi unaoteleza. Udongo haunywi tena. Unaweza kunyonya karo kila Ijumaa, shimo limekwisha kufa. Fungua mfuniko wa upande wa kutokea, tazama kama tii ipo na haijaanguka. Kipande hicho ni cha bei ndogo kuliko safari moja ya gari.

Shimo lililokwisha kuziba hupona likipumzishwa. Chimba la pili, geuzia maji huko, la kwanza likae kavu miezi sita hadi mwaka. Baadaye yafanye kazi kwa zamu. Kulichimbua na kulikwangua mnaweza, lakini wenye kazi hiyo nawaonea huruma.

Tano, karo lilizaliwa dogo. Watu 8 wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, ni lita 800. Maji yakae angalau siku nzima, bora mbili, na nafasi ya tope la miaka kadhaa iongezwe. Karo lenye urefu wa mita 2.4, upana mita 1.2 na kimo cha maji mita 1.2 lina kama lita 3,400, na linawatosha. Ligawiwe vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, na bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7. Na liwe mahali ambapo mpira wa gari unafika. Katika vichochoro vya mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, yako makaro mazuri kabisa ambayo gari haliyaoni.

Wengi wetu hatuna septiki. Tuna shimo moja la matofali lisilosakafiwa chini. Hilo mti na kitambaa havitakupa jibu sahihi, kwa sababu tope na ardhi vimeshikana. Likianza kufurika wakati wa kiangazi, limekwisha. Usilizidishe kina. Jenga karo la kweli mbele yake, na hilo la zamani, likishanyonywa na kupumzishwa, litumike kama shimo la kunywea, ikiwa chini yake hakuna maji.

Linafurika masika tu, au mara mbili kwa mwezi

Likifurika kuanzia Machi mpaka Mei na kupona lenyewe kipupwe kikiingia, maji ya ardhini yamepanda mpaka kwenye shimo. Mabondeni na katika sehemu za mjini zinazotuama maji, kama baadhi ya Mwanakwerekwe, gari litanyonya maji ya mvua mpaka lichoke, na shimo litajaa tena kutoka pembeni huku dereva hajafunga mpira wake.

Pwani pana dalili ya ajabu kidogo. Choo kinakuwa kizito siku tatu nne, kinapona, na baada ya wiki mbili kinarudia. Mwenye nyumba hulaumu wageni. Tazama mwezi: ikiwa ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni bamvua, siku za maji makubwa ya bahari. Bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, na katika mawe yenye matundu ya Jambiani au Paje maji ya chini hufuata mwendo huo karibu na ufukwe. Maji mafu yakija, choo kinapona.

Dawa ya hali zote mbili ni kupanda juu, si kushuka. Baina ya sakafu ya shimo la kunywea na usawa wa juu kabisa wa maji ya ardhini pawe na mita 1.5 za udongo mkavu, au zaidi. Mahali ambapo haziko, hapachimbwi shimo: hujengwa tuta la mchanga wa bara, na maji husambazwa humo kwa mabomba yenye matundu yaliyolazwa juu ya kokoto. Nyumba ikiwa chini, itahitaji pampu. Ni gharama. Kujenga bondeni kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa chooni. Maji ya paa nayo yasielekezwe upande huo.

Jihadhari na kunyonya katikati ya masika kama tangi lako ni la plastiki. Likiwa tupu huku maji yamelizunguka, huibuka kama ngalawa, likang'oa na mabomba yake. Lifungwe kwenye sakafu ya zege tangu siku ya kulifukia, au lingojee kiangazi.

Udongo umetota, maji yanatokea kwa jirani

Pemba zaidi, kwenye vilima. Kinamo, udongo wa kufinyangia, hakinywi; maji hutafuta tabaka la juu, hushuka nalo na kutokeza katika ua wa mtu wa chini. Ugomvi wa majirani wengi umeanzia hapo, na sheha, kiongozi wa mtaa, akaitwa kwa kazi ya fundi.

Udongo hupimwa kabla ya kuchimba. Chimba tundu la kina cha sentimita 30 pale utakapolaza mabomba, lijaze maji jioni, lirudie kujaza asubuhi, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Udongo wa kichanga utakunywea mbele ya macho yako. Kinongo, kilicho baina ya mchanga na kinamo, kitakwenda taratibu, na ndicho kizuri, kwa kuwa kinachuja. Kinamo kikibaki na maji mpaka adhuhuri, sahau shimo refu. Tumia handaki refu la kina kifupi, litandwe kokoto, likate mteremko badala ya kuufuata. Migomba ikipandwa juu yake itasaidia kuyanywa. Muembe na mvinje visiwe karibu, mizizi yake huingia kwenye maungio ya mabomba.

Karo halijai kabisa

Hii si dalili, utasema. Huko maweni na uwandani, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, mtu hujisifu: nimechimba karo langu mwaka wa ishirini huu, halijanyonywa hata siku moja. Kwangu mimi hilo ndilo karo bovu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Alipochimba, mtaimbo ulitoboa ufa au pango dogo kwenye jiwe, na mafundi wakafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Tangu hapo kila kinachoingia hupotea. Lakini jiwe la matumbawe halichuji kama udongo. Lina njia, na maji hukimbia ndani yake. Yanakokwenda ni kwenye kisima cha mtu, au chemchem inayotokea ufukweni ambako watoto wanaoga. Unguja inakunywa maji ya chini ya ardhi kwa sehemu kubwa, na kipindupindu tunakijua. Mlipuko wa 2015 na 2016 haujasahaulika. Umbali wa mita 30 kati ya shimo la kunywea na kisima, unaotajwa na mafundi, ni wa ardhi yenye udongo. Kwenye mawe yenye nyufa hata huo unaweza usitoshe.

Kisima kilicho karibu kikianza kuwa na harufu au kuwaharisha watu, kipimwe maji yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti, chumvi inayotokana na uchafu wa choo, haiondoki kwa kuchemshwa, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa.

Marekebisho yake: karo lisakafiwe chini na kupigwa plasta ndani, liwe halivuji. Lijaribu kwa kulijaza maji na kuweka alama ukutani usiku mmoja. Kisha maji yanayotoka yapitie kitanda cha udongo na mchanga kilichojengwa juu ya jiwe, yasitumbukizwe tena kwenye ufa. Ndiyo, sasa litajaa tope na litataka gari kila miaka michache.

Harufu ndani ya nyumba

Chumba cha wageni kisichotumika: maji ya mtego yamekauka. Mwaga ndoo moja, imekwisha. Harufu ikibaki, ni bomba la hewa fupi au kifuniko cha chemba kisichokaza. Harufu inayozidi upepo unapogeuka kutoka kaskazi kwenda kusi inakuonyesha upande ulipo mdomo wa bomba hilo.

Mbu wengi, hata kiangazi

Mbu wa maji machafu huzaliana ndani ya makaro na mashimo ya vyoo, na ndiye anayeeneza matende na mabusha mjini. Funga nyavu ya mbu kwenye kila bomba la hewa, ziba nyufa za vifuniko kwa saruji. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyeupe za plastiki nyepesi ndani ya vyoo vya mashimo vyenye maji. Zikatanda juu na viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Mbu walipungua sana, na vidonge vya matende vilivyotolewa pamoja navyo vikafanya kazi vizuri zaidi. Mafuta ya taa watu wanayomwaga huua kwa siku chache, kisha yanafuata maji ardhini.

Mfuniko umepasuka, zege linamomonyoka

Tazama sehemu iliyo juu ya maji. Gesi ile ya yai viza hugeuka tindikali kwenye zege lenye unyevu na kulila polepole, kuanzia chini ya mfuniko, mahali ambapo anayepita juu haoni. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa pwani huoza haraka zaidi, maana chumvi imo ndani yake na nondo hutunga kutu, huvimba na kulipasua. Gonga mfuniko kwa nyundo: sauti kali inayolia ni salama kiasi, sauti ya utupu au vumbi linaloanguka ni hatari. Usiupige kiraka. Zungushia uzio siku hiyo hiyo, kisha umwagwe mpya wenye unene wa sentimita 10 kwa mchanga wa shimoni usio na chumvi, nondo zifunikwe vizuri upande wa chini, na vishikio vya chuma viwe viwili ili unyanyuliwe na watu wawili.